Nahau za Kiingereza kwa Watu wa Bahari: Maswali Yanayoulizwa Sana Lamu

Maswali haya yametoka kwa makapteni wa mashua wanaopeleka wageni Manda Toto na Kipungani, kwa wafanyakazi wa nyumba za wageni za Shela, na kwa wanafunzi wa sekondari wenye mtihani mbele yao. Nahau zenyewe nimeziacha kwa Kiingereza chake, maana hivyo ndivyo zitakavyokufikia masikioni. Utaona pia nimeegemea zile zilizotoka vyomboni. Mtu aliyekulia Lamu anazijua nusu kabla hajafunzwa: ameona demani, ile kamba ya tanga, ikifyatuka, ameona chombo kimepwelewa, kilichobaki ni kuambiwa Mwingereza anayaitaje.

Maneno yote nayajua, mbona sentensi siifahamu?

Kwa sababu nahau haimaanishi inachotamka. Na sisi tunafanya hivyo kutwa. Mwambie mgeni kwamba fulani amevaa miwani, atamtazama usoni aitafute miwani, wala hatajua kwamba unamsema mlevi. Mwambie kwamba jirani yako ana mkono wa birika, yaani ni bahili, atauliza aliungua lini. Nahau huchukuliwa nzima, pamoja na mahali inaposemewa na mtu anayeisema. Kamusi ya neno mojamoja itakuambia "sheet" ni shuka, na wewe utabaki na shuka yako mkononi.

Kwa nini Kiingereza kina nahau nyingi hivi za baharini?

Uingereza ni kisiwa. Kwa karne kadhaa biashara yao, vita vyao na sehemu kubwa ya utajiri wao vilipita baharini. Wakati wa vita na Napoleon, jeshi lao la majini lilikuwa na mabaharia zaidi ya 100,000, na wengi walikamatwa kwa nguvu bandarini wakatiwa merikebuni. Vita vilipokwisha walirudi kwao na maneno yao, mpaka mkulima wa bara asiyewahi kulowa maji ya chumvi akawa anasema lugha ya merikebuni. Hata kwetu ni hivyo. Mtu wa Nairobi anayelalamika kwamba mambo yamekwenda mrama hafikirii kabisa kwamba anataja chombo kinacholala upande huu na upande ule.

"Three sheets to the wind" ni shuka tatu za nini?

Si shuka, wala si matanga, ingawa Waingereza wengi wa leo wenyewe hudhani ni matanga. Kwa mabaharia wao "sheet" ni kamba: ile tunayoiita demani, inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, ukaivuta au kuilegeza kadiri ya upepo.

Sasa tazama mashua iliyotoka Shela na kusi imekaza. Kijana aliyeshika demani akiiachia, tanga halikamati tena upepo. Linapigapiga, foromali, ule mti unaobeba tanga, inatupwa huku na huku, ile pembe ya nyuma inachapa hewani na ole wake aliyeketi karibu. Mashua inapoteza mwendo, inayumba. Nahodha anausukuma usukani na hausikii, kwa kuwa chombo kisichokwenda hakina usukani. Hayo ni ya demani moja. Merikebu yao ilikuwa na matanga mengi, basi demani tatu zikifyatuka pamoja merikebu nzima inapepesuka. Mabaharia walipomwona mwenzao anatoka kilabuni hashiki njia, wakamwita hivyo. Nahau hii ilikwisha kuandikwa mwanzoni mwa karne ya 19, na walikuwa na vipimo kabisa: mwenye demani moja amechangamka tu, mwenye tatu amelewa chakari.

Mgeni akijisema hivyo mwenyewe asubuhi, kwa habari za usiku wake, cheka naye. Lakini wewe usimseme hivyo mbele ya wenziwe, hata kama ulimbeba.

Nimeambiwa "he will show you the ropes". Nitaonyeshwa kamba gani?

Utaonyeshwa kazi. Kijana mmoja aliyeajiriwa mapokezi katika nyumba ya wageni aliambiwa maneno hayo na meneja wake, na alfajiri akaenda kungoja gatini. Alikuwa amekaribia kuliko alivyodhani. Kwenye chombo cha tanga kila kamba ina jina na kazi yake: henza ya kutwekea, demani ya nyuma, joshi ya mbele, amari ya nanga. Merikebu ya milingoti mitatu kamba zake zilizidi mia, na zote zilipaswa kujulikana kwa kupapasa gizani, mvua inanyesha. Baharia aliyekwisha kuzijua ndiye "knows the ropes". Mgeni wa kazi yeye anaambiwa "learn the ropes".

Angalia lakini, si kila kamba ni ya chombo. "On the ropes" ni ya ndondi: bondia amebanwa kwenye kamba za ulingo, karibu ataanguka. "Give him enough rope" ni ya kitanzi, yaani mwache afanye atakavyo, atajinyonga mwenyewe.

"High and dry" ni sawa na kupwelewa?

Picha ni ile ile. Chombo kimekaa mchangani, maji yamekwenda zake, mkuku, ule uti wa chini wa chombo, uko nje, na watoto wanapita chini yake wakiokota kaa. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa. Maji ya bamvua hapa hupanda na kushuka karibu mita 3, na anayekwenda Pate kwa njia ya Mkanda hutazama maji kwanza, kisha saa.

Tofauti iko katika lawama. Kwetu kupwelewa ni jambo la kungoja: unapika chai, unalala kidogo, maji yanarudi. Kwa Kiingereza "high and dry" mara nyingi ina mtu aliyekutupa. "He left me high and dry" maana yake aliniacha nimekwama, hana habari nami, na huenda alikuwa ameahidi kunisaidia. Kwa hiyo usimwambie mgeni kwamba mwenzako "left us high and dry" ikiwa ni maji tu yaliyokupungukieni. Utakuwa umemshitaki mtu asiye na kosa.

Jirani yake ni "touch and go". Mkuku unagusa mchanga, chombo kinasita, kisha kinapita. Ndivyo inavyoelezwa kwa kawaida, na inaingia vizuri akilini. Daktari akisema "it was touch and go", mgonjwa alikuwa baina ya kufa na kupona.

"I can't fathom it" imetoka wapi?

Hii ndiyo niipendayo kuliko zote. "Fathom" ni pima. Si mfano wa pima, ni pima yenyewe: mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Neno lao la kale lilikuwa na maana ya mikono iliyotandazwa ya kukumbatia, na baadaye likawekewa futi 6, yaani kama mita 1.83. Mabaharia wao walipima kina cha maji kwa kipande kizito cha madini ya risasi, "lead", kilichofungwa kwenye kamba, nasi tukaiita bildi. Ukiitupa bildi na isifike chini, hujui maji yana pima ngapi. Basi "I can't fathom why he did it" ni kusema nimetupa bildi katika jambo hili sijaona chini. Wahenga wetu wamesema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na huyo Mwingereza yuko papo hapo.

Inatumika zaidi kwa kukana: "can't fathom", "couldn't fathom". Ukisema "I fathom you" utaeleweka, lakini watu watageuka.

Kutokana na bildi hiyo hiyo kuna "swinging the lead", kumsema mtu anayejifanya anafanya kazi au anayejisingizia ugonjwa. Askari wa nchi kavu wa Uingereza ndio walioivumisha wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Katika "time and tide wait for no man", tide si maji kujaa na kupwa?

Kila mwanafunzi wa Lamu huchora bahari kwenye swali hili. Nahau ni ya kale sana, ya wakati "tide" ilipokuwa na maana ya muda au majira, kwa hiyo mwanzoni ilikuwa ikisema wakati na majira havimngoji mtu. Leo Waingereza wenyewe huwaza maji, na hakuna ubaya ukiwaza hivyo, maana haibadiliki.

Lakini "tide over" ni maji hasa. Upepo ulipokosekana, nahodha aliachia chombo kichukuliwe na maji yanayokwenda njia yake, na maji yakigeuka akatia nanga akangoja. Hakuenda mbali, ila hakurudi nyuma. Siku hizi ni ya pesa: "two thousand shillings will tide me over until Friday", yaani elfu mbili zitanisogeza mpaka Ijumaa.

Mambo yakiwa shwari naweza kusema "in the doldrums"?

Hasha! Hapa lugha mbili zimegeuziana mgongo. Kwetu shwari ni heri: bahari imelala, mgeni hatapiki, mambo shwari. Kwa baharia wa merikebu ya tanga aliye katikati ya Atlantiki karibu na ikweta, shwari ni msiba. Tanga limelegea, maji ya kunywa yanapungua, wiki zinapita. "In the doldrums" ni kudorora, kukosa moyo, biashara kulala. Mwezi wa Mei hoteli zikifungwa na mvua inapiga, hapo ndipo unaposema "business is in the doldrums".

Tena kinyume na wengi wanavyosimulia, neno lilianzia kwa watu kabla ya bahari. Lilikuwa la mtu aliyezubaa na kununa, kisha mabaharia wakalibandika kwenye sehemu ile ya bahari.

"Taken aback" na "by and large" nizikumbuke vipi?

Zikumbuke kwa upepo. Merikebu inakwenda, tanga limejaa, mara upepo unageuka ghafla au mshika usukani anasinzia, na tanga linapigwa upande wa mbele likabandikwa kwenye mlingoti. Chombo kinasimama, pengine kinarudi nyuma. Mtu aliyepatwa na neno asilolitazamia hadi akakosa la kujibu ndiye "taken aback". Nahodha wa jahazi anaujua mshtuko huo, na anajua kwamba kwenye tanga la pembe tatu mshtuko huo unaweza kuvunja foromali.

"By and large" inahitaji subira kidogo. "By" ni kwenda joshi, kuukaribia upepo unakotoka. "Large" ni upepo kukujia kwa nyuma, pepo za tezi. Chombo kinachokwenda vizuri "by and large" ni kizuri kwa upepo wa huku na wa kule, na kutoka hapo ikawa na maana ya kwa jumla, kwa kiasi kikubwa. Wanaoitumia sasa hawawazi upepo hata chembe.

Mgeni akisema "I missed the boat", nijueje kama amekosa boti kweli?

Swali hili linawezekana Lamu tu. London mtu akisema hivyo, kila mtu anajua kwamba fursa imempita. Hapa mtu huvuka kwa boti kwenda Mokowe kupanda basi, huvuka kwa boti kwenda Manda kupanda ndege, na kuna asubuhi nyingi ambapo mgeni amekosa boti kwelikweli na ndege inaondoka.

Tazama jambo linalozungumzwa. Kama yuko gatini, ana mkoba na jasho, usimpe falsafa, mtafutie boti nyingine. Kama amekaa barazani anasimulia kiwanja ambacho angekinunua Shela miaka kumi iliyopita, hiyo ni nahau. Kipimo cha pili ni neno linalofuata. "I missed the boat to Mokowe" ni boti. "I missed the boat on that one" ni fursa, maana boti haina "that one". Vivyo hivyo "that ship has sailed" ni kusema jambo limepita, halirudi, na husemwa kwa kukata tamaa kidogo au kwa kukatiza maombi.

"We're all in the same boat": sote tumo katika shida moja. "Don't rock the boat": usitibue mambo yaliyotulia. Hii ya pili inaweza kusemwa na mgeni mwoga aliye ndani ya mashua yako, na hapo hana nahau yoyote, anataka usiyumbishe mashua. "Plain sailing" ni jambo lisilo tabu.

"To the bitter end" ina uchungu gani?

Inabishaniwa. Kwenye merikebu, mbao nene ambazo amari ilizungushiwa ziliitwa "bitts", na sehemu ya amari iliyobaki ndani ya chombo ikaitwa "bitter end". Nahodha John Smith aliieleza hivyo kwa maandishi mwaka 1627. Ukiilegeza amari mpaka ukafika hapo, huna tena cha kulegeza. Lakini Biblia nayo, katika Mithali sura ya 5, inataja mwisho ulio mchungu kuliko pakanga, na Waingereza walikuwa wakiisoma kila Jumapili. Huenda vyanzo viwili vilikutana. Maana haina ubishi: mpaka mwisho kabisa, hata kama ni mchungu.

Na nahodha asiyekuwa na muda wa kuvuta nanga, adui yuko nyuma, alikata amari akakimbia. Hiyo ndiyo "cut and run".

Kuna nahau yoyote yenye tarehe ya kweli?

Chache, na vita vya baharini vimetoa mbili. Oktoba 1797, kwenye vita vya Camperdown baina ya Waingereza na Waholanzi, bendera ya merikebu ya Admirali Duncan iliangushwa kwa mizinga. Kuteremka kwa bendera kulikuwa na maana ya kusalimu amri. Baharia mmoja kijana, Jack Crawford, akapanda mlingoti risasi zikivuma, akaipigilia bendera kwa misumari. Kitendo chake kimeivumisha "to nail your colours to the mast": kutangaza msimamo wako ukajinyima njia ya kurudi nyuma.

Ya pili ni ya Nelson, kamanda wa majini wa Uingereza. Jicho lake la kulia lilipoteza nuru Calvi, kisiwani Corsica, mwaka 1794. Mwaka 1801 mbele ya Copenhagen mkubwa wake alimpandishia ishara ya kuacha vita. Inasimuliwa kwamba aliweka darubini kwenye jicho lile bovu akasema haoni ishara yoyote, akaendelea kupigana, akashinda. "Turn a blind eye" ni kufumbia macho. Kumbuka tu kwamba anayefanya hivyo anaona vizuri sana.

Naweza kuwasimulia wageni asili ya "raining cats and dogs", mvua kubwa sana, kuwa paka walikuwa wakiteleza kutoka kwenye makuti?

Tafadhali usiwasimulie. Hadithi hiyo ilisambaa kwa barua pepe iliyozungushwa mwaka 1999, ikidai kwamba zamani Uingereza wanyama walilala ndani ya mapaa ya nyasi na mvua ikinyesha wakateleza wakaanguka. Mwaka 1651 mshairi Henry Vaughan alikwisha kuandika juu ya mvua ya mbwa na paka, bila kumtaja paka aliyeteleza. Na wewe unakaa mji wenye paka kila kibaraza na makuti kila dari ya juu. Umewahi kumwona paka wa Lamu akingojea mvua juu ya makuti? Tone la kwanza tu keshaingia jikoni kwa watu.

Nyingine ya kuiacha ni "posh", neno la watu wa hadhi. Utaambiwa kwamba ni herufi za kwanza za maneno yaliyopigwa kwenye tikiti za meli za kwenda India, kuonyesha chumba cha upande wenye kivuli kwenda na kurudi. Tikiti ya namna hiyo haijawahi kuonekana. "Under the weather", yaani kuumwa kidogo, nayo imeshonewa hadithi za baharia mgonjwa aliyelazwa chini upande usio na upepo, na ushahidi wake ni hafifu.

Kanuni yangu ni moja: hadithi ya asili ikiwa tamu mno, na kila kitu kimekaa mahali pake, ishuku. Mwongozaji anayemwambia mgeni "hilo halijulikani kwa hakika" anaaminiwa zaidi anapoeleza ngome na misikiti.

Kule Matondoni mgeni aliniambia "don't spoil the ship for a ha'porth of tar". Alikuwa akiisema kazi yetu?

Kwa maana, naam: usiharibu kitu kikubwa kwa kubana senti ndogo. Na ilimjia kwa sababu alikuwa akitazama mafundi wanatia kalafati, yaani kuziba nafasi za mbao, na kupaka deheni, mafuta ya kuhifadhi chombo, akafikiri nahau imezaliwa mahali pa namna hiyo. Haikuzaliwa hapo. Chombo katika nahau hii alikuwa kondoo. Wafugaji walipaka kondoo lami kwenye vidonda ili nzi wasimshambulie, na katika lahaja za sehemu fulani za Uingereza "sheep" ilitamkwa karibu na "ship". Wasikilizaji wakasikia merikebu, merikebu ikabaki. "Ha'porth" ni kitu cha nusu peni.

Naweza kutafsiri nahau zetu moja kwa moja?

Baadhi hupita salama. Machozi ya mamba yako kwa Kiingereza vile vile, "crocodile tears". Nyingine zitakutosa, na chumvi ndiyo mtego mkubwa.

Sema unamtambulisha nahodha mzee kwa wageni, ukataka kumheshimu: "He has eaten a lot of salt." Hawataelewa, na mwenye kujitia kuelewa atadhani unataja presha. Kuna hatari zaidi: kwao "take it with a pinch of salt" ni kusikia jambo bila kuliamini lote. Ukichanganya chumvi yako na yao, utakuwa umewaambia wamshuku mzee wako. Wao nao wana chumvi ya sifa. Mtu "worth his salt" ni mtu anayeijua kazi yake. Na baharia mkongwe, bahati nzuri, anaitwa "an old salt". Basi mtambulishe hivi: "Our captain is an old salt." Mzee amepata heshima yake, nao wamecheka.

Na punda?

Wageni wa Lamu hawawezi kujizuia kutania juu ya punda wetu, kila mmoja hudhani ni wa kwanza. "Donkey's years" ni miaka mingi sana, na inadhaniwa ilianza kama mchezo wa maneno juu ya masikio marefu ya punda, kwa kuwa "ears" na "years" zinakaribiana kutamkwa. "Donkey work" ni kazi ngumu isiyo na raha. Mtu anayeweza "talk the hind legs off a donkey" ni msemaji asiyenyamaza, na kila baraza ya Lamu ina wake.

Ni nahau zipi nisizitumie hata nikizijua?

Za mauti, kwanza. "Kick the bucket" ni kufa, ilikwisha kuwekwa kwenye kamusi ya maneno ya mitaani mwaka 1785, na haina huruma ndani yake. Mgeni akikuambia amefiwa na babake, sema "I'm sorry to hear he passed away". Za ulevi nimekwisha kuzisema. Katika barua ya kuomba kazi ziache zote. Kumwita mtu "a loose cannon", mzinga uliokatika minyororo ukawa unabingirika sitahani, ni tusi la adabu: mtu asiyetabirika, atakayewaumiza wa upande wake. Mwambie rafiki yako, usimwandikie mwajiri.

Mtihani ni jambo jingine. Mwanafunzi akitia nahau mbili zinazokaa mahali pake inshani, imetosha. Akitia kumi, mtahini anajua kwamba alizikariri jana usiku.

Mgeni akisema nahau nisiyoijua nikiwa kazini, nifanye nini?

Usiitikie kwa kichwa. Wengi wetu hutikisa kichwa kwa adabu, na kwa maongezi ya barazani hakuna hasara. Kwa kazi hasara ipo. Mgeni anapokuambia "let's push the boat out tonight", hataki mashua isukumwe majini: anataka kutumia pesa bila kubana, kamba wa kuliwa, chakula kizuri, na kapteni aliyekwenda kuifungua mashua amekosa oda ya usiku mzima. "Let's call it a day" mkiwa Manda Toto ni kusema turudi sasa. "I'll take a rain check" haihusu mvua: anakukatalia kwa leo, pengine siku nyingine. Ilitoka kwenye tikiti za besiboli Marekani, mchezo ukivunjwa na mvua unarudi na kipande chako. "Let's play it by ear" ni tutaamua wakati ukifika, nayo ndiyo mbaya kuliko zote kwa mwenye mashua anayetegemea maji.

Muulize waziwazi, "Sorry, what do you mean by that?" Hakuna mgeni aliyekasirikia swali hilo, wengi hulifurahia. Kisha sema mwenyewe ulivyofahamu kwa maneno mepesi: "So you want to go back now?" Na kwa bei, mahali na saa, usikubali nahau hata moja. Taja shilingi kwa tarakimu, taja gati, na saa itaje kwa hesabu yake yeye: saa kumi na mbili yako ya asubuhi ni "six" kwake, na mashua ya kupita Mkanda haitamngoja aliyekuja "twelve".